Upande wa Jikoni

"Micheline! Mayi ya kunawa iko wapi?"

"Inapata moto, tata! Ngoja kidogo!"

"Nitachelewa ku kazi, we!"

"Hautachelewa!"

Kila asubuhi nyumba yao ya Kapata iliamka hivyo, na mtu aliyepita barabarani angedhani ndani mna ndoa changa. Tata Tharcisse Kanyinda akiwa chumbani anatafuta soksi, mkewe Mama Micheline akiwa jikoni anapepea mbabula, lile jiko la bati la makaa, na katikati yao ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa na ufa uliotoka juu hadi sakafuni, zawadi ya baruti za mgodi, mpana kiasi cha kupitisha kidole. Maneno yalipita hapo bila shida yoyote.

Shida ilianza Mama Micheline alipobeba ndoo akaingia chumbani.

"Jambo, mama," Tata Tharcisse alisema, akavuta shuka hadi kifuani. "Micheline njo amekutuma?"

"Ndiyo, tata. Amenituma nikusaidie kunawa."

"Umuambie aksanti. Na we pia, aksanti."

Ugonjwa ulipoanza, Mama Micheline alikuwa akibishana naye. Siku moja alimletea picha ya harusi yao, ile iliyopigwa mbele ya kanisa, akamwonyesha: huyu ni wewe, huyu ni mimi. Mzee alitazama picha, akamtazama yeye, mvi zake na meno machache yaliyobaki, akamuuliza kwa hasira ameiiba wapi picha ya mke wa watu. Tangu hapo aliacha kubishana. Mke aliyetafutwa mle ndani alikuwa msichana wa Sandoa mwenye shingo ndefu, na huyo hakuwa naye tena wa kumpa. Kilichosalia ni sauti. Ama sauti yake haikuzeeka, ama masikio ya mzee hayakujua kuhesabu miaka. Basi akiwa upande wa jikoni alikuwa mke, na akivuka mlango alikuwa mama fulani aliyetumwa kusaidia. Alizoea? Hapana. Kumsugua mume wako mgongo, ukamsikia anakushukuru kwa adabu ya wageni, hilo halizoeleki. Lakini alimsugua, akamkausha, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

Mdomo wa juu ulikuwa bado umevimba. Alipoupitishia kitambaa mzee aliruka.

"Nani alikupiga, tata?" aliuliza, ingawa alijua.

"Nilianguka ku kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha miaka mingi. Katika kampuni ya zamani Tata Tharcisse alikuwa boutefeu, mtu wa baruti. Kabla ya kupasua mwamba king'ora kililia, wafanyakazi wakapanda juu, na yeye akashuka peke yake shimoni kuhakikisha hakuna aliyesahaulika: aliyesinzia nyuma ya mashine, aliyekwenda haja, asiyesikia vizuri. Hakuna fataki iliyowashwa kabla yeye hajatoka na kuinua mkono. Hakuwahi kumwacha mtu ndani, na hilo alilisimulia hata kwenye harusi za watu. Sasa shimo lile lilikuwa la kampuni nyingine. Lilikuwa limepanuka hadi kuzikaribia nyumba za Kapata, lina uzio na walinzi, lakini king'ora kilikuwa kilekile. Kililia kila mchana, na kilipolia mzee alisimama, akavaa kofia yake ngumu, akaenda kazini.

Jana mkewe alipokuwa chooni, mzee alimponyoka. Walinzi walimkuta ameshapita chini ya uzio, anapaza sauti kwamba watu watoke. Walimpiga kwanza, wakamuuliza jina baadaye.

Sasa mzee na mkewe walikuwa hawajamaliza uji polisi wa mgodi aliposimama mlangoni, kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Hakuvua kofia.

"Mama, huyu muzee ni wa kwako?"

"Ni wa kwangu."

"Chef amesema tukuambie. Akipita tena chini ya clôture, haitakuwa ba gardien. Itakuwa ba militaire. Bale habapigaka na fimbo."

"Eko mugonjwa, baba. Ni kichwa. Haelewe."

"Basi umufunge."

"Nimufunge? Mutu?"

"Mi nakuambia tu, mama. Ni kazi." Alitazama sebule, kiti kimoja kizima na kimoja kilichofungwa waya, halafu akatazama parachichi zilizokuwa mezani. "Hii avoka unauzisha?"

Hakuwa anauza. Alipewa na Tina, jirani yake. Polisi alichukua mbili akaacha moja, nadhani kwa huruma, akaondoka akiibonyeza ile kubwa kuona kama imeiva.

Amfunge. Ukweli ni kwamba usiku alikuwa ameshaanza kumfunga, kitenge kimoja kutoka mguu wa mzee hadi mkono wake, ili akiinuka naye aamke. Mchana hakuweza. Aliacha kuuza mihogo sokoni kwa sababu hiyo. Walikula matembele ya nyuma ya nyumba na kile ambacho Tina alijifanya kimemzidi. Hospitali alikwenda. Ni ileile hospitali ambako mfanyakazi wa kampuni alitibiwa hadi meno ya watoto wake, na sasa mlinzi wa geti alimwambia kwamba ile kadi ya mzee aiweke nyumbani kama ukumbusho. Daktari kijana aliyewaonea huruma mlangoni alisema ni akili inayozeeka, haina dawa, mgonjwa asiachwe peke yake. Hakusema ni nani asimwache.

Alikuwepo mtu. Samy, mtoto wao wa pekee aliyebaki Kolwezi, alikuwa anaendesha lori kubwa katika mgodi mmoja, na nyumba yake ilikuwa na ukuta mrefu na mlinzi. Lakini Samy hakuwa amekanyaga Kapata tangu alipomzika mwanawe, na kulikuwa na neno moja lililomzuia.

Mama Micheline alilijua neno hilo tangu harusini. Tata Tharcisse ni Muluba wa Kasai. Kwa Waluba, mke wa mtu akiguswa na mwanamume mwingine anatakiwa aseme, ukoo umtengeneze, yaani umtakase kwa mbuzi, yaishe. Akinyamaza, kosa hilo, wanaloliita tshibawu, halimrudii yeye. Linampata mume, au linawapata watoto, na chakula anachopika kinakuwa sumu kwa mumewe. Yeye Mulunda wa Sandoa aliletewa mbuzi wa tshibawu na mama mkwe wake, akala, akaikubali sheria, na hakuivunja hata siku moja. Lakini mzee alipoanza kupotea, mdogo wake Tata Tshibangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, aliketi sebuleni akasema kwamba ugonjwa huu una mwenyewe. Micheline aseme. Micheline alijibu kwamba hana la kusema, na shemeji alipoendelea alimtoa nje kwa ufagio.

Halafu mtoto wa Samy akafa. Alikufa kwa malaria. Samy alikuwa zamu, na kule kazini simu zinachukuliwa getini. Mkewe alipiga na kupiga, mtoto yuko mapajani, na hospitalini wanataka pesa ya kwanza kabla ya kumgusa. Samy alitoka kazini akakuta yameisha. Mwanamume wa namna hiyo anahitaji mahali pa kuuweka msiba wake, vinginevyo utamla. Baba yake mdogo alimpa mahali. Kuanzia siku ya mazishi Samy hakumpa mama yake mkono.

Mama Micheline aliosha bakuli la uji, akamketisha mzee mlangoni ambapo angemwona, akamwita Tina ng'ambo ya ua.

"Nikopeshe simu yako."

Tina alifuta mikono yenye sombe, yale majani ya mihogo aliyokuwa anatwanga, akampa. Simu iliita muda mrefu.

"Samy."

"Ni nani?"

"Unajua ni nani."

"Mama, nilifanya kazi ya usiku. Niko nalala."

"Jana balipiga papa yako. Ku mugodi. Mudomo imevimba."

Alimsikia anapumua.

"Samy. Nitasema."

"Utasema nini?"

"Ile munatakaka niseme. Kuya na Tata Tshibangu. Kuya leo."

Tina alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni. Simu ilipokatwa alimshika bega.

"Mama, utasema nini? We haukufanya kitu!"

"Unafikiri mi siyue?"

"Sasa utajichafua bule?"

"Tina, leo king'ora italia. Kesho italia. Mi niko mutu moya. Siku nitasinzia, banamupiga risasi." Alimrudishia simu. "Jina yangu naweza kuuzisha. Iko yangu."

Kwenye simu ileile aliwahi kusema mzee ana homa, na hakuja mtu. Aliwahi kusema unga umepanda tena, na hakuja mtu. Safari hii jua halijafika utosini gari la Samy lilikuwa limesimama mlangoni, na nyuma yake mbuzi amefungwa miguu. Mbuzi alikuwa tayari. Inaonekana siku zote walikuwa na mbuzi. Walichokosa ni wakati.

Samy alikuwa amenenepa, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimpita mama yake akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Papa."

"Jambo, kijana. Uko wa équipe gani, ya asubui ao ya usiku?"

"Papa, ni mi. Ni Samy."

"Samy eko ku masomo," mzee alisema kwa upole. "Anasoma muzuri. Ukitaka kumuona, ngojea saa ya kutoka."

Samy aliugusa mdomo uliovimba kwa kidole kimoja, akasimama haraka, akaenda kutazama ufa wa ukutani kana kwamba alikuja kwa ajili ya huo. Tata Tshibangu aliketi kwenye kiti kizima, akaweka kofia yake gotini. Alikuwa amevaa suti.

Tata Tshibangu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu. Miaka ile Wakasai walipofukuzwa Katanga, yeye na familia yake walilala gare ya Kolwezi wakingoja treni, na treni ilipokuja alizika watoto wake wawili njiani. Aliporudi baada ya miaka alimkuta kaka yake bado yuko Kapata, nyumba ileile, watoto wote wazima. Alijiuliza kwa nini wao na si yeye, na jibu la kweli, kwamba hapakuwa na sababu, hakuweza kulimeza.

"Micheline," alisema, "mi siko tena na hasira. Umetuita, tumekuya. Sema tu, tukutengeneze, bwana yako apone."

"Mutamuchukua kwa Samy?"

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua. Mwaka ya treni. Siye bote tulilala ku gare. Nyinyi mulikuwa na siye, kisha mukarudia ku nyumba. Ule mukubwa wa quartier alibaachia nyumba hivi hivi? Bule?"

Hakuna mkubwa yeyote wa mtaa aliyewaachia nyumba. Mama Micheline alikuwa ameketi gare juu ya mabunda yao, mvua inanyesha, Samy mgongoni. Kaka zake walikuja kutoka Sandoa kumchukua. Walimwambia amwache huyo Muluba apande treni yake, yeye ni mtoto wa nchi, hakuna atakayemgusa. Alikataa kusimama. Walimvuta mkono, akakataa. Mwishowe kaka yake mkubwa, Ntambwe, alishindwa na aibu, akawarudisha wote Kapata, akalala mlangoni pao na panga mpaka mambo yakapoa. Ndiyo hayo tu. Katika maisha yake yote hakuna siku aliyojivunia kuliko ile, na ndiyo hiyo waliyotaka aichafue.

Alimtazama mzee. Alikuwa ameketi mlangoni, kofia ngumu mapajani, anatazama upande wa mgodi.

"Ni kweli," alisema.

"Nini ni kweli? Tshibawu habasemaka nusu."

"Ule mukubwa wa quartier. Nililala naye. Juu batuachie nyumba."

Tata Tshibangu alishusha pumzi ndefu, pumzi ya miaka. Hakufurahi. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba kumbe hakukosea njia. Mama Micheline alidhani yameisha, akaanza kuinuka aende kuchota maji ya wageni, ndipo Samy alipogeuka kutoka ukutani.

"Na mutoto yangu?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amepanga kuuza jina lake peke yake, na sasa alitakiwa atie na kaburi la mjukuu juu. Angeweza kumwambia: mwanangu, mtoto aliuawa na malaria, na pesa ya kwanza, na simu iliyokaa getini. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama Samy. Alikuwa amemzaa, aliujua uso ule unapoomba kitu. Mwanawe alikuwa anamwomba kosa lisiwe lake.

"Na mutoto pia," alisema. "Ni mi."

Samy alifunika uso akalia kwa kwikwi, mtu mzima na kitambi chake, na mabega yake yakashuka. Mama yake aliona yameshuka. Alitamani kumkumbatia, akajua kwamba kuanzia sasa hataruhusiwa. Kwa haya yote alihisi uchungu uliomfika mpaka kwenye meno, ila kwa yale mabega hakujuta.

Wote walikuwa wamemsahau mzee. Tata Tharcisse aligeuka kwenye kiti, akamtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ah, mama. We njo ulifanya vile? Na bwana yako eko wapi?"

Akawageukia Samy na mdogo wake.

"Bibi yangu mi ni Mulunda," aliwaambia wote. "Batu banasemaka Mulunda hajue tshibawu. Ni bongo, banadanganya. Mwaka ya treni, ndugu zake balikuya kumukamata ku gare. Akakatala. Mvua inanyesha, mutoto ku mugongo, banamuvuta na mukono, akakatala. Akabaambia: mutatubeba bote, ao mutatuacha bote. Mi niliona na macho yangu." Alimnyoshea mdogo wake kidole. "Tshibangu. We pia ulikuwa pale. Ulimuona."

Tata Tshibangu alitazama kofia yake. Aliigeuza, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Kwa muda mfupi Mama Micheline alidhani shemeji yake atafungua mdomo, na kama angeufungua, mambo mengi yangekuwa mengine.

"Kichwa yake haiko sawa," Tata Tshibangu alimwambia Samy, polepole. "Anachanganya."

Kumbe katika chumba kizima shahidi wa kusema kweli alikuwa mmoja tu, na shahidi huyo ni mwendawazimu. Mama Micheline alitaka kucheka.

King'ora kikalia.

Mzee alisimama mara moja, kofia kichwani, mgongo umenyooka. "Mutoke! Bote mutoke, banapasua!" Alimsukuma Tata Tshibangu kutoka kwenye kiti, akafungua mlango wa chumba, akachungulia chini ya kitanda, akaelekea nje. Samy alimdaka kiunoni. Mzee alipigana kwa nguvu ambayo mwili ule ulikuwa umeificha, anapiga viwiko, analia. "Niache! Kuko mutu ndani! Niache nicheki!" Samy alimbana ukutani. Hakuwa ameyaona haya kabla, alikuwa ameyasikia tu kwa simu na kukata. Alimtazama mama yake juu ya bega la baba yake, na macho yake yaliuliza: kila siku? Mama yake aliitikia kwa kichwa.

Ardhi ikatetemeka. Vumbi likadondoka kutoka kwenye ufa, mbuzi nje akapiga kelele. Mzee alilegea mikononi mwa Samy.

"Sikucheki," alisema. "Kama kulikuwa mutu? Nitaambia nini famille yake?"

"Hakukuwa mutu, papa."

"We unajua namna gani?"

Samy alimketisha, akampangusa machozi kwa mkono wa shati. Aliposema, alisema akitazama sakafu. "Kesho asubui nitakuya kumuchukua."

"Mungu akubariki," Mama Micheline alisema. "Nitapanga bitu byetu leo."

Samy alimvua baba yake kofia ngumu, akaiweka mezani.

"Mama," Samy alisema, "ni papa tu."

"Na mi?"

Samy alimtazama baba yake mdogo. Tata Tshibangu alivaa kofia. "Mbuzi atabakia hapa. Kesho bamama ba ukoo batakuya kukutengeneza. Lakini ku nyumba ya Samy kuko batoto bengine, Micheline. We mwenyewe umesema mbele yetu. Utabakia kwanza hapa. Kisha, tutaona."

Tutaona. Hilo alikuwa amelisikia hospitalini, na ofisini kwa mambo ya nyumba zilizopasuka, na kwa kampuni mpya walipokwenda wamama wa Kapata kulalamika. Hakuna aliyewahi kuona kitu baadaye. Alitaka kusema kwamba alidanganya. Lakini angelisema hilo Samy asingekuja kesho, na kesho king'ora kingelia, na askari wasingeuliza jina hata baadaye. Alijifunga mdomo mwenyewe, na walioshika kamba walikuwa wanaingia garini. Samy alishusha gunia dogo la unga na samaki waliofungwa kwenye gazeti, akaviweka kizingitini bila kumtazama. Gari liliondoka. Mbuzi alibaki amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

Jua liliposhuka alipika. Alisonga bukari kwa unga wa Samy, laini kuliko ule waliouzoea, akakaanga samaki kwa nyanya na kitunguu alichopewa na Tina. Tina hakuuliza wameamua nini. Alikuwa amesikia yote kutoka uani kwake, na macho yake yalikuwa yamevimba. Mama Micheline alibeba sahani akaingia chumbani, akaiweka mbele ya mzee, akamnawisha mikono.

Mzee aliitazama sahani. Akaisukuma mbali taratibu.

"Hapana, mama. Usikasirike. Mi siwezi kula chakula ya mukono yako. Unajua mwenyewe juu ya nini."

Alikuwa amesahau uso wa mkewe na umri wa mwanawe. Gari, mbuzi, kupigana ukutani, yote yalikuwa yamekwisha kumtoka. Neno moja tu la siku nzima lilikuwa limemshika kichwani, nalo ni lile la uongo.

"Kula, tata. Kidogo tu. Haujakula tangu asubui."

"Nangojea Micheline. Eko ku soko. Akirudia atapika."

Alisimama na sahani mkononi. Alitaka kumtikisa mabega, kumpigia kelele kwamba ni mimi, ni mimi mpumbavu wewe, ni mimi niliyelowa gare. Badala yake alisema "sawa, tata," akarudi jikoni, akaketi kwenye kigoda karibu na ukuta, akalia ndani ya kitenge mpaka kikalowa. Alilia bila kujificha. Kisha akajifuta uso, akasafisha koo.

"Tata!"

"Micheline?" Kitanda kililia. "Njo we? Ulikuwa wapi siku muzima?"

"Ku soko. Bunga imepanda tena."

"Usikuwe unaniacha na batu, Micheline. Kulikuya batu hapa. Kijana moya analia, siyue ana shida gani. Na ule mama unatumaka... usimutume tena."

"Alifanya nini?"

"Alisema mambo ya haya, mbele ya batu. Mwenyewe, na mudomo yake."

"Labda alikuwa na shida, tata."

"Shida gani inaweza kumusemesha mutu vile?"

Alibonyeza paji la uso wake kwenye ukuta. Sementi ilikuwa bado na joto la mchana. "Siyue," alisema. "Shida."

"Mi namuhurumia. Lakini chakula yake, hapana."

"Hii nimepika mi. Naiweka ku mulango. Kuya ukamate."

Aliiweka sahani kwenye kizingiti cha chumba, akarudi upesi nyuma ya ukuta kabla mzee hajamwona. Alisikia kandambili zinaburuta, sahani ikiinuliwa, kandambili zikirudi. Alisikia tonge la kwanza, halafu la pili. Mzee alikuwa na njaa.

"Iko muzuri," alisema akitafuna. "Kuya tule pamoja."

"Anza kwanza. Niko nasafisha nyungu."

Hakuwa anasafisha kitu. Alikuwa anaifikiria nyumba ya Samy. Aliingia humo siku ya matanga tu, akaona jinsi ilivyojengwa: matofali ya sementi, rangi mpya, hakuna ufa hata mmoja. Asubuhi mzee ataamka mle ndani, aulize mayi ya kunawa iko wapi, aulize tena kwa sauti zaidi. Watoto wa Samy watamwambia bibi huyo hayupo. Nje, mbuzi wa kesho alikuwa anakula majani ya matembele yake, na hakuinuka kumfukuza.

"Micheline, uko?"

"Niko."

Alitafuna, akanywa maji, akaweka kikombe chini. Akauliza tena.

"Niko, tata," alisema kwenye ufa. "Kula."